Jokofu la Moto na Uaminifu Usioonekana

Jokofu la mafuta ya taa lina ajabu yake: moto ndio unaoleta baridi. Utambi huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji. Amonia hupaa, hupoa ikawa majimaji, kisha ikigeuka tena mvuke hunyonya joto lililomo kabatini. Wasweden wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni njia hiyo mwaka 1922. Kampuni ya Electrolux ikaichukua, nayo ilikuwa na kiwanda Luton, Uingereza, tangu 1926. Majokofu ya namna hii yakaenea sehemu nyingi zisizo na umeme.

Tanzania ilipoanza mpango wa chanjo mwaka 1975, jokofu hilo likawa mlinzi wa watoto. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Sasa fikiri safari ya kutoka Kibiti hadi Nyamisati, kisha kwa mashua hadi visiwa vya delta, ambako hata nahodha husubiri maji yajae.

Tujiulize basi: uaminifu ni nini pale ambapo kosa halionekani? Mwizi wa mchele hujulikana kwenye mizani. Mwanafunzi akikosea hesabu, wino mwekundu humwumbua. Lakini chanjo ya surua iliyopigwa na joto haibadiliki sura. Mama huondoka akishukuru. Mtoto akiugua mwakani, hakuna atakayeuliza habari za utambi uliozimika usiku mmoja.

Wako wasemao kwamba dawa ni ukaguzi. Wana haki. Kuanzia 1996 chupa za chanjo ya polio ziliwekewa alama inayogeuka rangi kwa joto, na chanjo nyingine zikafuata. Hata hivyo, chanjo ya pepopunda huharibika ikiganda, na alama ile haisemi neno juu ya kuganda. Kila kipimo huacha pembe moja ya giza, na katika pembe hiyo binadamu hubaki na dhamiri yake tu.

Lakini tusimtwishe mhudumu peke yake. Utambi hauwaki bila mafuta. Aliyeko ofisini akichelewesha mafuta, naye amezima moto ule ule, ila yeye yuko mbali zaidi na mtoto. Umbali humpunguzia aibu, haumpunguzii deni. Kwa hiyo tunapomsifu mtu mwaminifu, tusiishie kwa yule aliyeshika kibiriti. Tuulize pia ni nani aliyehakikisha dumu limefika kabla ya maji kupwa.