Kitabu Kilichokosekana Katika Orodha

Mtu aliyekwisha pindukia miaka arubaini, akajitia kutaka kuwaandikia vijana hadithi, hana budi kwanza arudi darasani. Ndivyo nilivyojiambia. Kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja nilikaa nikapanga orodha ya vitabu vya kusoma, kama fundi wa mitumbwi anavyokwenda kutazama vyombo vya waliomtangulia kabla hajatia tezo kwenye gogo lake.

Nilianza na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Nikatia Kisiwa chenye Hazina, riwaya ya Stevenson aliyoitafsiri Frederick Johnson mwaka 1929, kwani sisi watu wa visiwani hatuwezi kuipita hadithi ya kijana aliyejikuta melini pamoja na maharamia. Ikafuata Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo (2002), ya watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada, wakaishia kutafuta riziki jalalani. Kisha Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Hiki nilikisoma mara mbili. Kongowea, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anakwenda Kenya kumtafuta babake, na safari yote anaisimulia kwa kinywa chake mwenyewe. Hapo ndipo nilipofahamu kosa la rasimu zangu: kijana wangu alikuwa akisimuliwa na mtu mzima aliyemsimamia kichwani.

Mpwa wangu, aliye kidato cha pili, aliiona orodha akaomba ainakili. Nilifurahi mno. Akaisoma juu hadi chini, akaniuliza, "Mjomba, vyote hivi ulivisoma ulipokuwa rika langu?"

"La, mwanangu. Labda kimoja."

"Basi wakati huo ulikuwa ukisoma nini?"

Nilimjibu kuwa nimesahau. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nikisoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980. Nilikiokota juu ya kabati nyumbani kwetu, nikakivisha jalada la gazeti, nikakisoma usiku kwa mwanga wa koroboi hadi moshi ukanitia weusi puani. Bwana Maksuudi amewafungia ndani mkewe Tamima na bintiye Maimuna kwa jina la heshima, ilhali yeye huko nje hajinyimi kitu. Nyumba za namna ile nilizijua. Nilizipita kila siku nikienda chuoni. Nisilolijua ni kwamba zaweza kuandikwa. Ikiwa kipo kitabu kilichonitia hamu ya kushika kalamu, ni hicho, na katika orodha yangu hakimo.

Kwa nini basi nilikiacha? Maimuna anapotoroka huangukia kwenye ulevi na kuuza mwili wake, na mimi sikutaka macho ya mpwa wangu yamfuate huko. Hadhari hii siidharau. Mlezi ana haki ya kumwambia mtoto "bado," na neno hilo ni la kweli, kwani lina ahadi ndani yake. Lakini mimi sikumwambia "bado." Nilimpa orodha nikaacha adhani kuwa hiyo ndiyo njia niliyopita. Tena riwaya yenyewe imepata kusomeshwa katika shule za sekondari za Kenya, kwa hiyo siwezi kusingizia kuwa ni sumu. Yamkini nilichokuwa nikikificha ni yule mvulana wa koroboi, asije akajulikana kuwa alisoma kwa wizi.

Na hapa mwandishi hawezi kujitenga na mjomba. Ikiwa katika kusoma nachagua tu vile ambavyo sitaona haya kukutwa navyo, nitaandika nini? Rasimu zangu zilikwisha nijibu. Vijana wa mle walikuwa na adabu, wakiamka alfajiri na kuwashukuru wazee wao kila sura inapomalizika. Hata mimi mwandishi wao nilikuwa nikisinzia.

Hata hivyo mtoto si wangu peke yangu. Nilikwenda kwa dada yangu, mama yake, nikamweleza habari yote, nikitaraji anikataze ili nipumzike. Akanitazama kwa muda.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Kitabu kile kilikuwa chake. Alikiazima kwa rafiki yake wa skuli, kikapotea juu ya kabati kabla hajafika nusu, na urafiki wao ukaharibika kwa ajili hiyo. Nilimwomba radhi, jambo lililochelewa kwa miaka karibu thalathini, kisha nikamuuliza tena habari ya bintiye.

Akasema nitafute nakala moja, niilete kwake kwanza. Maimuna alimwacha hajatoka bado nyumbani kwa babake, na hadi leo hajui aliishia wapi.