Malaika hakumwambia Yosefu avumilie



Leo naanza na kosa langu. Dada mmoja wa kwaya yetu, miezi michache baada ya ndoa, aliniambia mumewe anachukua simu yake kila jioni na kusoma kila kitu. Nikacheka. "Shoga, huo ni wivu wa mapenzi." Baadaye akaacha mazoezi ya kwaya. Jumuiya nayo akaacha. Kadi ya benki anashika mume, na nauli ya kazini anaomba kama mtoto. Siku aliponionyesha mkono uliovimba, nilimjibu kama wengi tunavyojibu: vumilia, ndoa ni msalaba, sali novena ya Mtakatifu Rita.

Nimeliungama hilo. Herode alipotaka kumuua Mtoto, malaika hakumwambia Yosefu avumilie. Alimwambia amchukue Mtoto na mama yake wakimbilie Misri, na wakaondoka usiku. Yesu mwenyewe, watu walipookota mawe pale Hekaluni, alijificha akatoka. Msalaba aliupokea kwa hiari yake saa ilipofika. Hakuna aliyempa mume yeyote kazi ya kumtengenezea mkewe msalaba! Tena Petro anawaonya waume wawaheshimu wake zao, wasije wakazuia sala zao wenyewe. Hilo mbona halihubiriwi sana harusini?

Na sheria ya Kanisa ipo. Kanuni ya 1153 inasema mwenzi anayehatarisha vibaya roho au mwili wa mwenzake, au wa watoto, anampa mwenzake sababu halali ya kutengana. Kama kuchelewa ni hatari, aondoke kwanza. Papa Fransisko naye, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliandika kwamba kuna wakati kutengana kunakuwa lazima kimaadili, ili kumwokoa aliye dhaifu na watoto.

Wewe uliye kwenye uchumba, usisubiri kofi. Angalia kama umeanza kumwogopa, kama marafiki zako wamepungua mmoja mmoja, kama kila ugomvi unaishia kwa zawadi halafu unarudi palepale. Na wanaume pia hupigwa, wananyamaza kwa aibu.

Kwa Tanzania, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama umeumizwa, omba PF3. Kenya piga 1195, ni bure. Mtoto akiwa hatarini, nchi zote mbili ni 116. Piga kwa simu ambayo yeye haikagui. Na ninyi wazee wa jumuiya, tafadhali, msiwaite wote wawili kikao kimoja. Sisi tulifanya hivyo. Dada yetu alisema yuko salama, mume akiwa amekaa pembeni yake.

Safari ya pili nilimsindikiza mwenyewe hadi dawatini. Sasa anakaa kwa dada yake. Njiani hakuniuliza habari za polisi wala za nyumba. Aliuliza, "Nitaruhusiwa kukomunika?" Tukapita kwa paroko. Akamjibu, "Mwanangu, kutengana si dhambi yako. Jumapili njoo."