Imani ya Msafiri na Spana ya Fundi

Zaburi ya 20 inawaweka upande mmoja watu wanaotegemea magari na farasi, na upande wa pili wale wanaolitegemea jina la Mungu. Katika nchi ya Kisii na Nyamira nchini Kenya, ambako Wakatoliki na Waadventista wamehubiri kwa zaidi ya miaka 100, somo hilo si geni. Lakini mkazi wa Nyaramba, huko Nyamira, ana haki ya kumuuliza mhubiri swali moja zaidi. Mama ameshikwa na uchungu usiku wa Aprili, mvua ya masika inamwagika, udongo mwekundu umekuwa utelezi mtupu, na hospitali kubwa ya rufaa iko Kisii mjini. Hapo gari lazima liwake. Je, mtu aliyekaa chini akachagua gari kwa makini kwa ajili ya usiku kama huo, ameipunguza imani yake?

Waislamu walikwisha kulijibu swali hili. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume Muhammad kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge, kisha amtegemee Mungu. Mkristo wa Nyaramba hana sababu ya kulikataa jibu hilo. Dereva anayeomba kabla ya safari huku anajua pedi za breki zimekwisha anamwachia Mungu kazi aliyopewa yeye.

Ugumu unaanza pale mtu anaposema, "Gari hili naliamini." Mwanafalsafa Annette Baier wa New Zealand, katika makala yake ya mwaka 1986 kuhusu uaminifu, alitenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kitu tunakitegemea tu, na kikishindwa tunaudhika. Mtu tunamwamini, na akituangusha tunajiona tumesalitiwa. Kwa kipimo hicho gari halisaliti. Likizimika kwenye mteremko halijavunja ahadi, kwa kuwa halikutoa ahadi yoyote. Basi ile imani ambayo msafiri anadhani ameiweka kwenye chuma, ameiweka wapi hasa?

Toyota Probox linasaidia kulijibu hilo. Lilitolewa mwaka 2002 kama gari la kazi la wafanyabiashara wa Japani, na hakuna aliyelisanifu ili lipendeze. Huku Kisii na Nyamira linabeba abiria, ndizi, magunia ya mboga na wagonjwa. Injini yake ya 1NZ, yenye sentimita za ujazo 1,496, ndiyo iliyofungwa pia kwenye Vitz, IST na Fielder, kwa hiyo spea zake zinapatikana kwa urahisi. Inatumia cheni ya taimingi, hivyo mwenye gari hana mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Na boljointi ikilegea njiani, kazi yenyewe inaonekana kwa macho. Jeki inapandishwa, jiwe linawekwa chini ya bodi kwa usalama, tairi linatoka, nyundo inagonga mpaka ile ya zamani iachie, huku abiria mmoja ameshika simu kummulikia fundi. Dereva anatazama kila hatua. Akishalipa, anajua kilichoharibika ni nini, na kesho anaweza kumweleza mwenzake.

Wanaosafiri mbali zaidi nao wamechagua gari linalotengenezeka njiani. Mashirika ya misaada yanayokwenda Turkana na Sudan Kusini yameshikilia Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kuuzwa mwaka 1984, hasa zile zenye dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, ambayo pampu yake ya mafuta haiongozwi na kompyuta. Kuna magari yanayozishinda kwa kasi na kwa starehe, na mengine yana sehemu zinazokataa kufanya kazi mpaka programu ya kampuni iziidhinishe. Ivan Illich, aliyewahi kuwa padri wa Kikatoliki, aliandika mwaka 1973 juu ya zana zinazomwongezea mtu uwezo na zana zinazomfunga kwa wataalamu asioweza kuwafikia. Tofauti hiyo huonekana wazi usiku, kwenye njia ya murram, mtandao wa simu ukiwa umepotea.

Nyamira ina jirani aliyeithibitisha mbele ya dunia thamani ya kulijua gari kwa mikono. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia kwenye kazi ya ufundi. Mwaka 1965 alishinda mashindano ya magari ya Safari pamoja na mdogo wake Jaswant, katika Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kutumika kabla ya kumfikia. Hayo yalikuwa mashindano ya kutisha: mwaka 1963 yalimalizwa na magari saba tu, na mwaka 1968 yakamalizwa tena na saba. Kusema Volvo lile ndilo lililoshinda ni kumnyima haki mtu aliyelijua kwa mikono yake.

Kwa hiyo jibu la swali lile, msafiri ameiweka wapi imani yake, liko kwa watu. Anayesema analiamini Probox lake anamwamini fundi aliyekaza nati, muuza spea, na jirani atakayesukuma gari matopeni. Kitendawili cha kale cha meli ya Theseus, iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja mpaka watu wakabishana kama bado ni ileile, kinapata sura yake hapa. Gari limebadilishwa injini, giaboksi, shokomzoba na milango. Serikali hulitambua kwa namba ya chasisi iliyo kwenye logbook. Mwenye gari anaweza kulitambua kwa njia nyingine, kwa sababu ni fundi yuleyule aliyelifungua mara zote hizo.

Ukilitazama hivyo, kuchagua gari linalotengenezeka kijijini ni kukiri kwamba mtu hajitoshelezi. Hilo liko karibu na dini kuliko wengi wanavyodhani. Tajiri anayenunua gari la kumwezesha asimhitaji mtu yeyote njiani amejitafutia aina ya upweke, na siku litakapokwama ataugundua.

Lakini sifa njema ya gari ina hatari yake. Kwa kuwa Probox huvumilia, watu hulijaza kupita kiasi: abiria wanabanwa kwenye kiti cha dereva, wengine wanakunjwa kwenye buti. Uimara wa gari unageuzwa kuwa ruhusa ya kuhatarisha roho za watu, na hakuna sala inayoweza kuhalalisha hilo. Anayemfunga ngamia kisha akampakia mizigo mpaka avunjike mgongo hakumwelewa Mtume.

Na kama imani iko kwa watu, usaliti nao uko kwa watu. Pedi za breki bandia ndizo mfano mbaya kuliko yote. Boksi linafanana na la halali, bei imeshuka kidogo, na fundi mwenyewe huenda asitambue. Kenya ilitunga sheria dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008, lakini mnunuzi aliye mbali na mji hulindwa kwanza na dhamiri ya aliye nyuma ya kaunta. Huyo, tofauti na chuma, ametoa ahadi. Kamati ya kanisa inayotaka kununua gari la kuwafikia waumini vijijini, kabla ya kulinganisha bei za magari, ingefanya vyema kwenda kwa mafundi wa soko lao, iwaulize ni gari lipi wanaliweza, spea zake wanazitoa kwa nani, na kama muuzaji huyo hukubali kurudishiwa kitu kikionekana ni bandia.