Nia ya Aliyesilimu Haipimwi Mlangoni

Ndugu zangu Waislamu, ninaiusia nafsi yangu kabla ya kukuusieni nyinyi tumche Allah, na leo tumche hasa katika ndimi zetu zinapomtaja Muislamu mwenzetu ambaye hakuzaliwa ndani ya dini hii.

Maneno yenyewe mnayajua. Fulani kasilimu kwa sababu ya mke. Fulani kasilimu apate kufanya biashara na Waarabu. Tunayasema barazani, tunayasema kwenye kahawa, na wapo wasioona haya kuyasema ndani ya msikiti wakati mwenyewe yuko nje anavaa viatu. Nataka tulitazame jambo hili kupitia maisha ya mtu wa mbali, mpiga tarumbeta wa Kimarekani aliyeitwa Idrees Sulieman. Wapo watakaouliza mpiga tarumbeta ana kazi gani katika mawaidha ya Ijumaa. Hukumu ya ala za muziki masheikh wetu wameizungumza na khitilafu zake zinajulikana. Sikusimama kuifungua tena. Kilichonisimamisha ni jina lake.

Alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa St. Petersburg, jimbo la Florida, kusini mwa Marekani, na jina lake la kwanza lilikuwa Leonard Graham. Mji ule ulisifika kwa mabenchi yake ya kijani yaliyopangwa kando ya barabara ili watalii wapumzike. Mtu mweusi hakuruhusiwa kuyakalia. Babu aliyechoka, mama mwenye mimba, mtoto mwenye homa, maadamu ngozi yake ni nyeusi, alipita akiyatazama tu. Ndiyo dunia iliyomlea Leonard. Akasoma muziki Boston, akazunguka na bendi za watu weusi, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akapiga katika bendi kubwa ya Earl Hines. Mwaka 1947, mpiga piano Thelonious Monk aliporekodi kwa mara ya kwanza akiwa kiongozi wa bendi, katika kampuni ya Blue Note, tarumbeta ilishikwa na kijana huyu. Wakati huo tayari alikuwa Idrees Sulieman.

Miaka ile ya arubaini wanamuziki wengi weusi wa Marekani walitamka shahada. Wengi wao walifikiwa na wahubiri wa Ahmadiyya waliotoka Bara Hindi, ambao tofauti zetu nao katika itikadi ni kubwa na haifai kuzificha. Lakini kwa vijana wale ndiyo sauti iliyowafikia. Sisi wengine hatukuwa tumewafikia, na mtu mwenye kiu halaumiwi kwa ndoo aliyoletewa.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe. Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta mashuhuri wa zama zile, ameeleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1979 namna mambo yalivyokuwa. Anasema ilijulikana kuwa mtu mweusi akiwa na jina la Kiislamu, wazungu humhesabu kuwa mgeni kutoka nchi za mbali, na mgeni hakuguswa na ubaguzi uleule. Wengine waliandikiwa kwenye vitambulisho vyao kwamba ni weupe. Na aliyewafungulia wenzake macho, kwa maelezo yake, ni huyu Idrees. Alikuwa mweusi tii, lakini kwa jina lake aliingia kwenye mikahawa ya wazungu, akanunua sandwichi, akatoka nazo kuwapelekea wenzake. Walipoona hivyo, anasema Dizzy, watu wakaanza kujiandikisha makundi kwa makundi.

Najua mtu wa barazani atalidaka hilo haraka. Atasema: basi wale walisilimu kwa ajili ya sandwichi.

Ndugu yangu, subiri. Kwanza fikiria mtu anayelipa kwa fedha yake halali, jirani wa mkahawa miaka yote, na bado haruhusiwi kuingia ndani. Akisikia iko dini ambayo Qur'ani yake inaeleza kuwa Mungu ameumba mataifa na makabila ili watu wafahamiane, na kwamba mbora wao ni mchamungu wao, moyo wake utasikia nini? Heshima ya binadamu ni sehemu ya ujumbe wa dini hii. Bilal alipopandishwa juu ya Al-Kaaba kuadhini, mabwana wa Makka waliona uchungu, na ujumbe ule uliwafikia wao na watumwa wao kwa pamoja. Mtu akivutwa na mlango huo, kaingia kwa mlango wa haki.

Halafu, hata tukikubali kuwa wamo waliotaka chakula tu, nani alikupa kazi ya kuwachambua? Usama bin Zayd, kipenzi cha Mtume na mtoto wa kipenzi chake, alimuua vitani mtu aliyekwisha kutamka laa ilaaha illallah, akajitetea kuwa yule alitamka kwa kuogopa silaha. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkemea na kumuuliza kama aliupasua moyo wa yule mtu akaona kilichomo. Akamkariria mpaka Usama akatamani lau angekuwa amesilimu siku ile ile, ili dhambi ile iwe nyuma yake. Hiyo ni hofu ya sahaba. Sisi tunaipasua mioyo ya watu kila siku kwa ulimi na tunakwenda nyumbani kula biriani.

Na mnaosema fulani kasilimu kwa sababu ya mke, mnamjua Abu Talha? Alimposa Ummu Sulaym, mama yake Anas bin Malik, naye hajasilimu bado. Bibi yule akamwambia mtu kama yeye hakataliwi, ila ni mshirikina. Akisilimu, Uislamu wake ndio utakuwa mahari. Akasilimu, akaoa. Ingekuwa mtaani kwetu, jina lingemganda mpaka kaburini. Mtu huyo ndiye aliyesimama Uhud kumkinga Mtume kwa kifua chake. Ndiye aliyetoa sadaka bustani yake ya Bayruha, mali aliyoipenda kuliko zote. Na amefia baharini, katika safari ya jihadi, mzee wa miaka mingi ambaye wanawe walimsihi abaki. Masahaba walimpokea wakamwacha Allah amlee.

Turudi kwa Idrees, kwa sababu sehemu ya maisha yake inayonigusa zaidi ni ile inayofuata. Mwaka 1959 alisafiri na wenzake watatu, wakarekodi Tangier, nchini Morocco. Mwaka uliofuata mpiga piano wao, Oscar Dennard, akafariki Cairo kwa homa ya matumbo. Wakati huo Idrees hakurudi kuishi Marekani. Mwaka 1961 akakaa Stockholm, Sweden, na mwaka 1964 akahamia Copenhagen, Denmark. Alipiga katika bendi ya redio ya taifa ya huko, na katika bendi kubwa ya Kenny Clarke na Francy Boland iliyokuwa ikikutana Cologne, Ujerumani. Ndani ya bendi hiyo Clarke mwenyewe alikuwa Muislamu, jina lake Liaquat Ali Salaam, na mpiga saksafoni Sahib Shihab vilevile. Waislamu watatu weusi kutoka Marekani, katikati ya Ulaya. Wenzake walimstaajabia Idrees kwa pumzi: aliweza kushika sauti moja muda mrefu bila kukata, akivuta hewa puani huku mashavu yanaendelea kusukuma.

Sasa fikirini pamoja nami. Stockholm na Copenhagen ubaguzi ulikuwepo, lakini mtu mweusi hakuhitaji jina la Kiarabu ili auziwe mkate. Ile faida ya jina aliyoipata Marekani ilikwisha siku aliposhuka kule. Kisha mwaka 1964 sheria ya haki za raia ikapitishwa Marekani kwenyewe, na mikahawa ikalazimika kumuuzia kila mtu. Kama jina lilikuwa koti la kuvalia mvua, mvua ilikuwa imekatika. Angeweza kurudi kuwa Leonard Graham na hakuna ambaye angemlaumu. Aliendelea kuitwa Idrees Sulieman, kwenye santuri zake na kwenye mabango, na kwa jina hilo alifariki mwaka 2002, katika mji ule ule wa St. Petersburg alikozaliwa.

Sidai kuujua moyo wake. Ningekuwa ninafanya kile ninachokukatazeni. Ninachosema ni kwamba aliyemwona miaka ile ya arubaini na sandwichi mkononi, akamhukumu pale pale, alihukumu kitabu kizima kwa ukurasa wake wa mwanzo.

Hadithi ya nia, ile aliyoanzia Imamu Bukhari katika Sahihi yake, tumeigeuza fimbo ya kuwapigia wengine. Imemtaja aliyehama kwa ajili ya dunia na aliyehama kwa ajili ya mwanamke, kweli. Lakini tumeamrishwa kujipima sisi kwayo. Wewe uliyezaliwa Muislamu hujawahi kuulizwa nia yako ya kusilimu, kwa sababu hukusilimu, ulirithi. Je, unakuja Ijumaa kwa ajili ya nani? Ungekuwa unaishi peke yako Copenhagen, hakuna adhana, hakuna mzee wa mtaa wa kukutazama, swala yako ya Alfajiri ingekuwaje?

Katika msikiti huu wamo ndugu waliosilimu karibuni. Wengine wameoa kwetu, wengine wamekatwa na jamaa zao, na Ramadhani wanafuturu peke yao chumbani. Baada ya swala imamu atabaki mihrabuni. Mwenye nafasi ya kumfundisha mmoja wao Faatiha na udhu, au ya kumkaribisha yeye na mkewe nyumbani, ampe imamu jina lake kabla hajatoka.