Fundi Aliyetafuta Sensa Mbele
Dereva mmoja wa watalii Arusha alikuwa na Land Rover Defender yenye injini ya Td5, ile dizeli ya silinda tano. Akipanda mlima kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, gari likazima ghafla, bila kukohoa wala kutoa moshi. Akapiga stata, injini ikazunguka vizuri, isiwake. Wageni wakashuka kupiga picha. Walipomaliza akajaribu tena, likawaka kama halijawahi kusumbua.

Fundi wake alikuwa hodari, ila hodari wa Toyota. Alijua kuna sensa inayosoma mzunguko wa kranki, na kwenye dizeli za Toyota alizozizoea hukaa mbele, jirani na puli. Akachungulia mbele ya Td5, akapapasa nyuma ya feni, hakuona kitu. Akaamua kwamba Land Rover hii haina, basi ubovu uko kwenye mafuta. Akabadilisha filta, likawaka. Safari iliyofuata likazima. Ikaagizwa pampu mpya ya dizeli, ile inayozama ndani ya tangi. Likawaka, likazima. Zikafuata waya za nozeli, ambazo hata mimi ningezishuku, kwani kwenye Td5 hupitisha oili mpaka ikafika kwenye plagi ya kompyuta.

Kila spea ilionekana kuponya kwa sababu gari lilikuwa limelala gereji likapoa. Mbovu ilikuwa ile ile sensa ya kranki, ambayo Td5 inayo. Ndani yake mna sumaku na koili ya waya mwembamba sana. Waya ukipata ufa, joto la injini huuachanisha, na ukipoa hugusana tena. Td5 haina sensa ya kamshafti ya kuisaidia. Kompyuta hutegemea hiyo moja tu kujua pistoni zimefika wapi, na ishara ikikatika nozeli hazipigi dizeli. Ndiyo maana injini hufa papo hapo, wakati gari lililokosa mafuta mara nyingi hutetemeka na kuishiwa nguvu kwanza. Dalili hiyo dereva aliieleza tangu siku ya kwanza. Sijui kwa nini mafundi wengi husikiliza injini kuliko anayeiendesha.

Mzee mmoja aliyezeekea kwenye Land Rover alikataa kulipima likiwa baridi.

"Liendesheni mpaka lizime, ndipo mniite."

Likazima. Akachomeka mashine ya kupimia, akamwambia dereva apige stata. Injini ilizunguka, kila mtu akaisikia, lakini mashine ikaonyesha mzunguko sifuri. Hakugusa kitu kingine. Akachukua tochi, akaingia uvunguni. Sensa ilikuwa nyuma kabisa, pale injini inapoungana na giaboksi, ncha yake ikielekea ukingo wa flaiwili. Ilikuwa imeshikwa kwa bolti moja, na plagi yake imechomekwa.

"Mbona nilitafuta kote, mzee?" fundi akauliza.

"Ulitafuta kote kwa Toyota, mwanangu."

Sensa mpya ilifungwa, na safari hii wakalipandisha mlima likiwa limechemka ndipo wakalikabidhi. Duka la spea lilikataa kurudisha pesa ya pampu, maana ilikwishafungwa na kutumika. Ile ya zamani, iliyokuwa nzima muda wote, fundi alikuwa ameshaiuza.