Mbegu na Udongo



Sote twaujua mfano wa Mpanzi, katika Mathayo sura ya 13. Mbegu ilikuwa moja na mpanzi mmoja, ila udongo ulitofautiana. Sisi wa Morogoro hatuhitaji kuelezwa mengi. Kabichi inayostawi Mgeta, kwenye ubaridi wa Uluguru, ukiishusha huku bondeni kwenye joto, inadhoofika.

Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, aliieleza saratani kwa namna hiyo. Alichunguza habari za wanawake waliokufa kwa saratani ya matiti, akaona kuwa ugonjwa hausambai ovyo mwilini. Saratani, alisema, ni mbegu, nayo haioti isipopata udongo wa kuifaa.

Jirani zetu Uganda jambo hili lilionekana wazi. Denis Burkitt, daktari wa Hospitali ya Mulago na Mkristo mcha Mungu, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya uliowashika watoto. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari hadi Afrika ya Kusini, akiuliza hospitali kwa hospitali. Akaona kuwa ni ugonjwa wa nchi za joto na mvua; kwenye milima yenye baridi ni nadra. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waligundua kirusi ndani ya uvimbe huo. Lakini watu wengi sana duniani wanacho kirusi hicho, wala hawaugui saratani. Malaria ya mara kwa mara, inayovuruga ulinzi wa mwili, husaidia kuandaa udongo.

Siku hizi wataalamu wanajua zaidi. Uvimbe si chembe mbovu peke yake. Chembe nzima zilizo kando yake hushawishiwa kuulisha. Mishipa ya damu huchipuka kuufikia. Hata askari wa mwili, waliopaswa kuushambulia, hulazwa usingizi. Ndiyo maana baadhi ya dawa za leo haziipigi mbegu yenyewe, bali huwaamsha askari hao.

Je, hayo yatufundisha nini? Mgonjwa hakujipandia mbegu. Tusimwulize ametenda dhambi gani. Wanafunzi walimwuliza Bwana hivyo juu ya kipofu, naye akawakatalia (Yohana 9). Tujiulize sisi tulio kando yake: sisi ni udongo gani?

Twaungama. Mama mmoja tuliyesali naye miaka mingi alikuwa na uvimbe titini. Aliuficha, kwa kuwa alitusikia tukinong'ona juu ya mwingine kwamba amerogwa. Tulipojua, titi lilikwisha kuwa kidonda. Tulimchangia nauli ya kwenda Dar es Salaam, lakini tulikuwa tumechelewa. Manong'ono yetu yaliulisha ugonjwa wake.

Basi, ndugu, tulime udongo wetu. Mama akihisi uvimbe, amwambie mwenzake wa benchi moja, na huyo amsindikize hospitali wiki hiyo hiyo. Akina baba, msisite kutoa nauli. Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Na ulio saratani, ukiwahiwa, una matumaini makubwa ya kutibika. Akipelekwa Ocean Road, asiende peke yake, na watoto wake wasilale njaa nyumbani.

Bwana atujalie kuwa udongo ambamo hofu hukosa chakula, na tumaini likaota. Amina.