Dhahabu Inayonusa Sumukuvu

Chukua gunia la mahindi la kilo 90. Likiwa na sumukuvu, sumu itokanayo na kuvu, ya kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa Afrika Mashariki, yaani maikrogramu 10 kwa kila kilo, sumu yote iliyomo haifiki miligramu moja. Ni kama chembe moja ya sukari iliyosagwa ikatawanywa gunia zima. Huioni, huionji, na hata ugali uive namna gani, haitoki. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa baada ya kula mahindi yaliyovuka mno kiwango hicho.

Ila ipo karatasi nyembamba, haizidi upana wa kidole, inayoinasa sumu hiyo. Ndani yake mna dhahabu, dhahabu kweli, iliyo katika chembe za nanomita kama 40. Panga chembe 2,000 ndipo upate unene wa unywele mmoja. Ikiwa ndogo hivyo, dhahabu huacha unjano wake ikawa nyekundu kama juisi ya rozela.

Juu ya chembe hizo hubandikwa kingamwili, na hapo ndipo penye ustadi wenyewe: katikati ya wanga, mafuta na protini zote za mahindi, inaitambua sumukuvu na kuishika. Unasaga mahindi, unachanganya na spiriti, unachuja, unadondoshea karatasi, unasubiri dakika chache. Sumu isipokuwepo, dhahabu huchora mstari mwekundu wa kipimo juu ya karatasi. Sumu ikiwa nyingi, kingamwili inashughulika nayo, na mstari huo unafifia hadi kupotea. Shika hilo vizuri: mstari unaopotea ndio hatari.

Kijana unayesoma kemia, usikubali kuambiwa teknolojia ya nano, ya chembe ndogo kama hizi, ni ya wengine. Chembe hizi hupikwa kwa chumvi ya dhahabu, maji safi na sitreti, juu ya jiko la maabara. Maji ya manjano hafifu hupoteza rangi, hugeuka zambarau iliyokolea, kisha wekundu unachomoza mbele ya macho yako. Na dhahabu tunaichimba wenyewe hapa Tanzania, Geita! Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio la maji linalotumia teknolojia ya nano, na mwaka 2015 akatwaa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi. Alianza na maji ya watu wake. Wewe anza na mahindi ya watu wako.

Nanyi viongozi wa ushirika, Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hizi za kuvu. Msingoje kupimiwa mpakani. Anikeni mahindi juu ya turubai, yakauke sawasawa, na msimu huu, kabla gunia la kwanza halijapanda mizani, karatasi ile iwe tayari mezani.